Muwa Hula kwa Saa Yake

Hakuna mama amlishaye mtoto chakula cha mwezi mzima kwa siku moja. Lakini wakulima wengi huutendea muwa hivyo. Sisi wa Katindo twanunua miwa njiani, twatafuna, wala hatufikiri jasho lake. Shemeji yangu hulima katika bonde la Ruzizi, upande wa Kiliba, ambako kiwanda cha sukari kilijengwa enzi za Wabelgiji. Alikuwa na mfuko mmoja wa urea, ulionunuliwa kwa fedha za ada ya shule. Akaniuliza: niumwage wote siku ya kupanda?

Nilimwonyesha hesabu. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za azoti, ndiyo naitrojeni. Muwa mchanga hauna mizizi ya kuila yote. Mvua kubwa huizamisha mbali na mizizi. Jua kali hugeuza urea iliyoachwa wazi kuwa hewa, ikapotea. Na muwa ulishwao sana mwishoni hunenepa majani, sukari ikapungua.

Basi, yafaa kuigawa: kidogo miche ikiisha kushika, nyingi zaidi katika miezi ya kwanza inapokua kwa nguvu, nayo ifukiwe udongoni. Mvua zikichelewa, mkulima angoje. Zikiwa haba, apunguze, kwa maana muwa wenye kiu hauli.

Mungu ndiye atoaye mvua, nasi ametupa akili ya kuitazama. Baba wa jamaa, andika kwanza siku za mvua katika daftari. Ndipo ufungue mfuko.