Neno Ambalo Mzee Hakulisema

Wenzangu mnaofundisha Kiswahili nchini Uganda mtakubaliana nami kwamba somo letu huanza na deni. Mwalimu wa hesabu huingia darasani akawakuta wanafunzi wanaoiogopa hesabu tu. Sisi huwakuta wanafunzi ambao babu zao waliwaambia kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Nimeifundisha lugha hii kwa zaidi ya miaka 30, hata nikastaafu, na karibu kila mwaka nimeulizwa swali lile lile: "Mwalimu, kwa nini tujifunze lugha ya bunduki?" Nilikuwa na majibu yangu ya kawaida: biashara, ujirani mwema, na utamu wa mashairi. Hayo yote ni kweli. Lakini lipo jibu jingine ambalo sikuwahi kulitoa darasani, kwa kuwa linanihusu mimi mwenyewe, nalo ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Kiswahili nilijifunza utotoni kwa jirani yetu, fundi cherehani aliyehamia kwetu kutoka pwani ya Kenya. Kwake nilisikia hadithi, vitendawili na maamkizi marefu yasiyokwisha. Hiyo ilikuwa bahati isiyo ya wengi. Mwaka 1973, serikali ya Idi Amin ilipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, watu wengi wa mji wetu mdogo katika Buganda hawakukijua ila kwa maneno machache waliyoyasikia vinywani mwa askari: Simama! Toa! Lete! Lala chini!

Mwaka 1977, nikiwa na umri wa miaka 17, nilipanda basi kwenda Kampala. Ilikuwa ni miezi michache tu baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum tarehe 16 Februari, yeye aliyekuwa amewaongoza maaskofu wenzake kumwandikia Rais barua ya kulalamikia mauaji ya raia. Watu walikuwa wakisafiri kimya. Njiani tulisimamishwa penye kizuizi cha askari, tukaamriwa tushuke na mizigo yetu. Mzee mmoja alikuwa na mfuko wa sukari, na siku hizo sukari ilikuwa imeadimika mno. Askari alimwuliza maswali, mzee akajibu kwa Kiganda. Ndipo askari alipotugeukia na kuuliza ni nani miongoni mwetu ajuaye Kiswahili. Niliinua mkono, na nakiri kwamba niliuinua kwa fahari kidogo.

"Mwulize ameitoa wapi sukari hii ya magendo," askari aliniambia.

Niliuliza. Mzee alinitazama usoni, akasema polepole kama mtu anayempa mtoto ujumbe: "Mwambie sukari hii nimeinunua kwa jasho langu, nayo ni ya matanga ya dada yangu. Na umwambie kwamba bunduki haiifanyi kuwa yake."

Nilihisi ulimi umenikauka. Nikasema: "Afande, mzee anasema amekosa, anaomba radhi."

Askari alicheka. Aliuchukua mfuko, akamsukuma mzee kwa kitako cha bunduki, akatuamuru tupande basi. Ndani ya basi nilikaa karibu na mzee yule, nikitarajia, sina haja ya kuficha, kwamba angenishukuru. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia: "Mwanangu, neno hilo la radhi hata mimi nalijua. Mimi sikuomba radhi." Alishuka kabla ya Kampala bila kuniaga, na sikumwona tena.

Wote niliowasimulia kisa hiki waliniambia kwamba nilimwokoa. Wahenga nao wamesema, heri nusu shari kuliko shari kamili. Yamkini ni kweli, na siwezi kudai kwamba ingekuwa bora mzee afe kwa ajili ya ufasaha wa tafsiri yangu. Hata hivyo, maneno yake hayakuniacha. Askari yule alikuwa na uwezo wa kuitwaa sukari, na hata uhai. Kitu kimoja tu hakuwa na uwezo wa kukitwaa, nacho ni kukiri kwa mzee kwamba kunyang'anywa kwake kulikuwa haki. Mzee alikuwa amekinyima kitu hicho waziwazi, na mimi nikakitoa kwa niaba yake bila kumwuliza.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Uganda. Mwezi Septemba 1972, Mwingereza mmoja aliyekuwa akizuiliwa na wanajeshi alilalamika mahakamani, na Kiwanuka akaamua kwamba kuzuiliwa kwake kulikuwa kinyume cha sheria, akaamuru aachiliwe. Jaji naye ni mkalimani wa namna yake: husimama kati ya mwenye nguvu na asiye na nguvu, akasema sheria inasema nini. Kiwanuka hakuwa mgeni wa hatari, kwa kuwa alikwisha kufungwa mwaka 1969 katika utawala wa Obote, akafunguliwa mwaka 1971. Aliyemtetea hakuwa ndugu yake wala mtu wa kabila lake. Alikuwa raia wa taifa lililotutawala. Angeweza kuyatafuta maneno ya kumridhisha kila mtu. Alisema yale yaliyokuwamo katika sheria. Tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha walimkamata katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakaondoka naye, na hakurudi.

Sijilinganishi na mtu huyo, wala simlaumu kijana wa miaka 17 kwa kutokuwa Jaji Mkuu. Lakini naona kwamba swali la barabarani na swali la mahakamani lilikuwa moja: uwezo wa serikali unakoma wapi? Hapana shaka kwamba serikali lazima iwe na uwezo. Sisi tuliolipwa mishahara kutoka katika hazina yake twajua kwamba bila kodi hakuna shule, na bila polisi hakuna usingizi. Yaweza kunilazimisha nilipe kodi. Haiwezi kunilazimisha niseme kwamba kodi hiyo ni ya haki. Mpaka wake u hapo, penye dhamiri ya mtu.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imeuandika mpaka huo. Kifungu cha 29 chalinda uhuru wa fikira, dhamiri na imani. Kifungu cha 44 chataja haki ambazo hazipunguzwi kwa sababu yoyote: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa mahakamani kwa haki, na haki ya mtu aliyezuiliwa kufikishwa mbele ya jaji ili uhalali wa kuzuiliwa kwake uchunguzwe. Walioandika maneno hayo walijua kwa nini wanayaandika. Lakini maandishi hayajisomi yenyewe. Siku ya shida huhitaji mtu wa kuyasema kama yalivyo, awe jaji, karani, mwalimu, au kijana ajuaye lugha mbili.

Basi hili ndilo jibu langu kwa wale wanafunzi. Lugha mliyosimuliwa na babu zenu ilikuwa kipande tu cha Kiswahili. Tazameni sarufi. Katika amri ya umoja, Lete, Toa, Simama, kitenzi hakina kiambishi cha nafsi. Aamriwaye hatajwi, kana kwamba ni mkono tu usio na mwenyewe. Lakini anayekataa husema sileti, sitoi, na ile silabi moja ya si- hubeba mambo mawili pamoja: mimi, na kukana. Kwa Kiswahili, mtu akitaka kusema kwamba yeye hafanyi jambo, hana budi kujitaja.

Nawaomba wenzangu ambao bado mmo darasani, mnapofundisha kauli ya amri msiishie hapo. Kwa kila amri, watakeni wanafunzi watoe majibu mawili, la kukubali na la kukataa, na kwa kila jibu waeleze sababu. Kisha wapeni zoezi la tafsiri, na msikubali ibadilishwe hata kidogo kwa ajili ya kumpendeza msikilizaji. Sentensi mnaweza kuichukua kwangu. Nilikabidhiwa mwaka 1977, na naifikisha leo: "Sukari hii nimeinunua kwa jasho langu, na bunduki haiifanyi kuwa yako."