Asubuhi Posta, mchana Darajani, jioni umerudi Mbagala

Haya, tuseme ukweli. Vijana wengi wa Kinondoni na Temeke tunaijua Zanzibar kwa kuisikia tu. Tunaziona boti zikikata maji pale Feri, tunawaona wazungu na mabegi yao mgongoni wakishuka kwenye teksi, halafu tunageuka kugombea daladala letu la Tandika. Muulize mtu kwa nini hajawahi kuvuka. Atakwambia kule ni kwa watalii, ama anasubiri fungate. Fungate lenyewe, mchumba bado hajapatikana!

Mimi nasema siku moja inatosha. Unaondoka alfajiri, unarudi jioni, unalala kwako, gesti hulipi. Ila usiende kichwa kichwa. Saa zako sita zitayeyuka ukimfuata papasi anayekuonyesha milango ileile ya kwenye kadi za posta. Nenda na jambo moja kichwani. Ninalokupa mimi ni hili: nenda ukatafute maji ambayo hayapo.

Unashangaa? Sikiliza.

Wataliano wana mji unaitwa Venice. Barabara zake ni mifereji, na watu wanapanda vyombo vya majini pale ambapo sisi tungesimamisha bajaji. Wageni wa kutwa wameuelemea mpaka mwaka 2024 wakuu wa mji wakaanza kuwatoza kiingilio cha euro 5 katika siku za msongamano. Anayelala pale hadaiwi, anayekuja asubuhi na kuondoka jioni ndiye anayelipa. Kwa hiyo mshikaji, kwa Venice wewe na mimi ndio tungekuwa kero.

Sasa na Zanzibar ilikuwa na maji yake katikati ya mji. Huu Mji Mkongwe unaosifiwa dunia nzima, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ulikuwa karibu uwe kisiwa. Magharibi ni bahari kuu. Mashariki ulipita mkono wa bahari, ukijaa na kupwa, ukiutenga mji wa mawe na upande wa pili. Huo upande wa pili ukaitwa Ng'ambo. Mtu wa Temeke aliyezoea kuvuka Kigamboni hahitaji kufundishwa maana ya neno hilo.

Mkono ule wa bahari ulianza kufukiwa mwanzoni mwa karne ya 20, kipande kwa kipande, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 ulikuwa umekwisha. Leo pana barabara, vituo vya daladala na wauza mitumba. Lakini majina yalikataa kufukiwa. Tutafika huko.

Kwanza safari. Mtavyofika Posta mnajua wenyewe, mimi siwezi kumfundisha mtu wa Mbagala kuamka saa kumi usiku. Tiketi kata mapema, dirishani, siyo kwa kijana anayekuita "bosi" nje ya geti. Beba kitambulisho. Nauli ya Mtanzania ni ya shilingi na ni nafuu kuliko ya mgeni, lakini watajuaje kama wewe ni Mtanzania? Kwa lafudhi? Boti za kasi zinachukua kama saa mbili hivi au pungufu. Ukipanda ile ya kwanza ya asubuhi, kabla ya saa nne uko Malindi na jua bado halijawa kali.

Na hapa sitanii: chombo kikijaa kupita kiasi, usipande, hata kama tiketi iko mfukoni. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Kabla hata mwaka haujapita, Julai 2012, MV Skagit iliyotoka hapa hapa Dar ikazama karibu na Chumbe. Waliokufa walikuwa watu kama sisi, wenye ndoo na watoto na mizigo ya sokoni. Kuchelewa siku moja si kitu.

Umeshuka bandarini. Papasi watakuvaa. Wajibu kwa Kiswahili cha Manzese na watakuacha, maana watajua huna dola. Wageni wote wanakunja kulia kwenda Forodhani. Wewe achana nao, uliza njia ya Darajani, ni mwendo mfupi wa miguu.

Darajani. Umewahi kujiuliza, daraja liko wapi? Halipo! Lilikuwapo, likipita juu ya ule mkono wa bahari, mji wa mawe huku na Ng'ambo kule. Maji yalipofukiwa, daraja likakosa kazi, jina likabaki. Endelea kuyasoma majina hivyo hivyo. Kaskazini kuna Funguni, na fungu ni ule mchanga unaochomoza maji yakipwa. Kuna Mchangani. Kuna Kisiwandui, nchi kavu kabisa ambapo leo wanauza na kununua, lakini inasimuliwa kwamba kilikuwa kisiwa cha kuwatengea wagonjwa wa ndui. Yaani mji mzima ni ramani ya bahari iliyokwisha kuondoka, na hakuna kiingilio.

Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904. Ingia, ila kwa mwenye pua nyepesi upande wa samaki ni mtihani. Iliki, mdalasini na karafuu nunua hapa, tena wanaponunua akina mama wa Kiunguja, siyo vile vipakiti vilivyofungwa ribeni kwa ajili ya wageni. Uliza bei polepole, kwa adabu. Shikamoo inalipa Unguja kuliko ubabe wa Kariakoo.

Ukitoka sokoni, vuka barabara. Hapo ndipo wageni wa kutwa wengi wanapokomea, na hapo ndipo mimi nakuomba uendelee. Umevuka maji sasa. Uko Ng'ambo.

Ng'ambo hakuna milango ya misumari ya shaba. Kuna nyumba za chini, mabaraza, mafundi cherehani, watoto wanaokimbizana, redio. Utaona kama umetokea Keko. Ndiyo hivyo, na kuna sababu. Mji wa mawe ulikuwa wa Waarabu wenye mali, wafanyabiashara wa Kihindi, mabalozi. Ng'ambo walikaa wachukuzi, wavuvi, mafundi, watu waliotoka bara, na wengi waliokuwa watumwa au wajukuu wa watumwa. Viwanja walivyojenga havikuwa vyao, walimlipa mwenye ardhi. Miaka ya 1920 mambo yakawashinda, wakagoma kulipa hiyo kodi ya ardhi. Ewe mpangaji wa Tandale unayedaiwa kodi ya miezi sita mkupuo, hao ni ndugu zako wa damu!

Na taarabu unayoipenda, ile ya Kiswahili, imetokea mitaa hii. Kwenye kasri la Sultani waliimba kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mtoto wa shamba kutoka Fumba, akahamia mjini, akakaa Ng'ambo, akaimba kwa lugha ya watu waliomzunguka. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Mwanamke kutoka upande huu wa maji! Shaaban Robert aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake. Bi Kidude naye, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa mtu wa Ng'ambo.

Tembea mpaka Michenzani ukaone yale maghorofa ya enzi za Mzee Karume, marefu kama treni lililokwama stesheni. Mpango wake una mkono wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Wapo wanaoyasema ni mabaya. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyekuwa akilipia ardhi ya mwenzake kupewa ghorofa lenye bomba ndani ni jambo kubwa, urembo baadaye. Karibu na hapo ni Raha Leo, kilikokuwa kituo cha redio na ambako wanamapinduzi waliweka makao yao Januari 12, 1964. Mapinduzi hayakuanzia kwenye milango ya misumari.

Mchana ukikukuta huku, kula huku. Urojo! Bakuli la rojo la manjano lenye ukali wa ndimu na embe, ndani kuna kachori, bajia, viazi, mishikaki, yai kwa mwenye uwezo, juu vibanzi vya muhogo, chatne ya nazi na pilipili unajipimia mwenyewe. Watu wengi hungoja kulia Forodhani, wanasahau kwamba Forodhani inachangamka jioni, wakati boti yao imeshatia nanga Dar. Angalizo: Ramadhani usitarajie kula hadharani mchana, na Ijumaa adhuhuri maduka mengi yanafungwa kwa sala. Dada zangu, na kaka zangu pia, nguo za ufukweni ziacheni ufukweni.

Sasa rudi ng'ambo ya Ng'ambo, upande wa mawe, uingie Mkunazini. Hapa punguza mzaha. Kanisa la Kianglikana unaloliona lilijengwa penye soko la watumwa, ambalo Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Mgeni kutoka Ulaya anapiga picha na kuondoka. Wewe simama kidogo. Watu wengi waliouzwa pale waliletwa kupitia Kilwa, kutoka nchi za Wayao, Wangindo na Wanyasa, na nusu ya Temeke ukiwauliza kwao wanakwambia kusini. Waliouzwa mashambani, wajukuu zao ndio hao uliowaona mchana kule Ng'ambo wakikuuzia urojo. Ndiyo maana nikasema uvuke kwanza ndipo uje hapa. Ukianzia hapa utaona historia tu. Ukianzia kule unakuwa umeshaonana na watu.

Mengine pita haraka. Beit al-Ajaib, jumba la maajabu la Barghash la mwaka 1883, kipande chake kiliporomoka Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati na watu wakapoteza maisha, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kupanga kuingia. Ngome Kongwe iko jirani yake. Nyumba za Freddie Mercury, yule mwanamuziki aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, ziko nyingi kupita kiasi cha mtu mmoja. Muda wako utumie Sokomuhogo, pale Jaws Corner, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo na wazee wakibishana siasa na mpira. Usichangie mada ya Muungano. Sikiliza tu.

Kama saa nane na nusu hivi, teremka kusini uone Mnazi Mmoja. Nao wanayo, kama sisi. Uwanja ule ni sehemu ya maji yaliyofukiwa, na likija bamvu la bahari pamoja na masika, maji hukumbuka kwao, yanarudi. Wa Jangwani na Kigogo mnanielewa. Bonde la Msimbazi lilitukumbusha Desemba 2011, mpaka watu wakahamishiwa Mabwepande.

Na jambo moja linanichekesha, au niseme linaniudhi. Unguja maji yalitenganisha wenye nacho na wasio nacho bila mtu kuchora mstari. Kwetu Dar, Mwingereza alikosa mkono wa bahari wa kukaa kati ya Uhindini na Kariakoo, akaacha uwanja mtupu badala yake. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja yetu. Ukirudi Jumatatu ukipita pale na daladala, uangalie vizuri.

Haya, bandarini. Boti ya mwisho huondoka alasiri, ratiba hubadilika, kwa hiyo ilipotia nanga asubuhi ulitakiwa uwe umeshaulizia. Fika saa nzima kabla. Ukibeba kitu kipya cha umeme, risiti iwe mkononi, maana forodha ya Dar huwauliza watu wanaotoka Unguja utadhani wametoka Dubai. Hiyo ni kero ya zamani, tangu Zanzibar ina televisheni ya rangi mwaka 1973 na sisi bara tukingoja mpaka 1994.

Miezi ya kusi, katikati ya mwaka, kurudi Dar ni kwenda kinyume na upepo, na boti inaruka. Kaa nyuma, chini, tazama mbali, na urojo uwe ulishuka muda mrefu. Halua ya mama uliyonunua Darajani ifunge vizuri kwenye begi. Ukiionja baharini haifiki Mbagala.