Shawarma za Deira

Nilipofika Dubai mwaka 1997, Deira ilikuwa imejaa Kiswahili. Kuanzia uwanja wa Nasser mpaka Naif ungewasikia wafanyabiashara wa Kariakoo, wa Mombasa, wa Kampala na wa Lubumbashi wakivutana bei za vitambaa, redio na vipuri vya magari, huku wakisubiri kontena zao zijae. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya kusafirisha mizigo, kazi yangu kuandika orodha za marobota na kufuatilia karatasi za bandarini. Mchana tulikula wali kwa Wahindi, kwa kuwa ulikuwa rahisi na ulishibisha. Baada ya alasiri, vichoma-nyama vya kusimama viliwashwa barabara nzima, na kila baada ya milango michache harufu ilibadilika.

Iliniingia akilini polepole kwamba hakukuwa na shawarma moja Deira. Kila Mwarabu alikuja na ya kwao, na ya jirani yake aliila kwa kulazimika tu. Katika ofisi yetu walikuwamo Msiria, Mlebanoni, Mpalestina aliyekulia Amman, na baadaye Muiraki. Siku za mishahara kila mmoja alitaka tumfuate kwenye duka lake, na hayo yakawa masomo yangu.

Duka lililokuwa karibu nasi lilikuwa la Wasiria. Mpishi alitoka Halab, nasi wote tulimwita Maalim. Nilizoea kwenda mapema ili nimwone akipanga nyama. Mapaja ya kuku yasiyo na mifupa yalikuwa yamelala tangu jana yake katika mtindi, siki, ndimu, kitunguu thomu na bizari. Aliyachoma moja moja kwenye chuma kirefu, kila kipande akikikandamiza kwa kiganja, na kila baada ya tabaka kadhaa akitia ngozi yenye mafuta. Juu kabisa alichomeka kitunguu na ndimu nzima ili maji yake yachuruzike taratibu mpaka chini. Kisha akawasha moto, na kwa muda mrefu hakukata chochote. Mteja mwenye haraka alijibiwa kwa upole asubiri, maana nyama inayokatwa kabla upande wa nje haujakauka na kuwa wa kahawia inakuwa nyama ya kuchemka tu.

Kilichofuata ndicho kinachoitofautisha ya Kisiria na nyingine zote. Mkate ni mwembamba sana. Anaupaka thomu, yaani kitunguu saumu kilichosagwa na chumvi na kutiwa mafuta tone kwa tone pamoja na ndimu mpaka kikawa cheupe na kizito kama malai. Anaweka tango la achari na kuku, basi. Hakuna kabichi wala nyanya. Akishaukunja anauchovya kwenye mafuta yaliyodondoka chini ya chuma, kisha anaubanika juu ya bamba la moto mpaka ulie ukiuvunja. Ukitaka ya kukaa chini, unaomba ya Kiarabu: inakatwa vipande vifupi, inapangwa kwenye sinia na chipsi, achari na kibakuli cha thomu. Kwa kuku, mpaka leo sijaona wanaowashinda Wasiria.

Kwa nyama nyekundu nilivuka Khor, ule mkono wa bahari unaoigawa Dubai. Nauli ya abra, mashua ya kuvushia, ilikuwa nusu dirhamu wakati huo, na ukishuka ng'ambo unachukua basi la Satwa, barabara ya Al Dhiyafah, ambayo siku hizi inaitwa 2nd December. Pale Al Mallah Walebanoni walikuwa, na bado wapo, na meza za nje na juisi za matunda. Nyama ya Kilebanoni inapangwa minofu mipana kwa mafuta ya kondoo katikati, ikiwa imekaa katika siki, iliki, mdalasini na kungumanga. Mtu wa Unguja akinusa hapo anajua kila kilichotiwa. Ndani ya mkate huwekwa nyanya, kitunguu kilichochanganywa na unga mchachu wa sumaki na majani ya bakdunisi, vipande vya tanipu vilivyogeuzwa waridi kwa maji ya bitiruti, na mchuzi wa ufuta na ndimu unaoitwa taratori. Siku moja niliomba waniongezee thomu. Mwenzangu Mlebanoni akauzuia mkono wa mpishi.

"Thomu ni ya kuku, yaa akhi. Nyama ina ufuta wake."

Ana haki. Thomu inafunika mdalasini na iliki, na mafuta ya kondoo yanahitaji uchachu wa sumaki ili yasikukinai. Atakayefika Beirut aende Hamra, kwa Barbar, duka lililofunguliwa mwaka 1979 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, na aagize hivyo hivyo bila kugeuza kitu.

Likizo zangu nilizipeleka Muscat. Shangazi yangu alikaa Al Khuwair. Yeye ni katika waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964 na kupokelewa Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Nyumbani kwake Kiswahili ndicho kilichotawala, na chakula cha jioni kilikuwa mkate wa kumimina au wali wa nazi. Lakini usiku wa kuamkia Ijumaa binamu zangu walinipakia garini tukasimama mbele ya mkahawa mdogo, tukapiga honi, na kijana wa Kimalabari akaja dirishani kuchukua oda. Shawarma yao ilikuwa ndogo, mkate laini, kuku aliyekatwakatwa, kabichi, mayonezi, pilipili na chipsi humo humo ndani. Wengine walivunjia na Chips Oman, zile za pakiti zenye pilipili. Tuliirudisha nyumbani, na shangazi akaifunua ya kwake juu ya sahani.

"Nyama yenyewe iko wapi humu, mwanangu?"

Nyama ilikuwa kidogo, kweli. Hata hivyo naitetea shawarma ya Muscat. Ni chakula cha vijana wengi ndani ya gari moja, kinaliwa kwa mkono mmoja, kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Wale Wamalabari walioipika walikuwa watu wa Kerala, nao waliporudi kwao walikwenda nayo, na leo Kerala inauzwa kila mji.

Baada ya vita vya 2003 Wairaki walizidi Deira, hasa upande wa Muraqqabat. Yule mwenzetu Muiraki alinipeleka akiwa amenyamaza njia nzima, kwa sababu alikuwa na hamu na hakujua kama mkate utakuwa wenyewe. Mkate wa Kiiraki ni samuni, mnene, umechongoka ncha mbili, unachomwa tanurini na unaliwa ungali wa moto. Aliubonyeza kwa kidole, ukanyanyuka tena, ndipo akaketi. Ndani mlikuwa na nyama ya kondoo, nyanya, na mchuzi mwepesi wa manjano uliomwagwa bila kubania. Niliuonja nikastuka: ilikuwa achari ya embe, yenye uwatu na manjano, karibu sana na ile ya kwetu. Wanaiita amba. Wafanyabiashara wa Baghdad na Basra waliokuwa na shughuli Bombay ndio walioizoesha Iraki, kwa bahari ile ile iliyoleta achari zetu pwani. Katika shawarma zote nilizokula Uarabuni, hiyo ndiyo ambayo sikuhitaji kuizoea.

Amman nilikwenda kikazi, na yule Mpalestina alikuwa ameniapisha nisikose Shawerma Reem, Jabal Amman, kwenye Mzunguko wa Pili. Ni kidirisha tu, kimekuwapo tangu 1976, na foleni yake inafika barabarani hata usiku wa manane. Unapewa kitu chembamba, nyama, ufuta na mafuta ya mkia wa kondoo, unakula umesimama na kurudi kwenye foleni. Kairo ni habari nyingine. Wao walizoea kuikatakata nyama na kuirudisha kwenye bamba pamoja na pilipili hoho, kitunguu na nyanya, kisha kuitia kwenye mkate mrefu wa fino. Baada ya 2011 Wasiria waliokimbia vita walifungua maduka mengi, hasa katika mji wa Oktoba 6, na vijana wa Kimisri wakahamia kwenye ile ya mkate uliobanikwa. Mimi ningemshauri mgeni ale zote mbili, aanze na ya Kimisri, kwa sababu ndiyo inayopotea.

Mwaka jana nilikuwa Forodhani, Unguja, ambako shawarma imeshapata meza yake kati ya mishkaki na pizza ya Zanzibar. Niliyopewa ilifungwa kwa chapati. Nikamwuliza kijana mbona hatii thomu.

"Mzee wangu, wateja wangu wanataka pilipili ya ukwaju."

Nikamwambia aitie, tena aimwage vizuri. Kuku wake alikuwa amekauka vyema upande wa nje, na nilimngoja amalize kukata sahani ya jirani yangu ili nimwulize alijifunzia wapi. Akasema Ruwi, kule Muscat, kwa Wamalabari, miaka mitatu.