Tairi la Wiki ya 9

Mimi ni fundi wa matairi. Kibanda changu kiko Gahanga, kusini mwa Kigali, kando ya lami inayotoka Kicukiro, ikateremka hadi daraja la Nyabarongo, kisha Nyamata, kisha Nemba. Nemba ni mpakani. Ng'ambo ni Burundi, kwetu. Kwa hiyo kila siku naziba pancha za magari yanayopita barabara ya kwenda nyumbani, na mimi nabaki hapahapa na beseni langu la maji.

Tumeombwa tuandike juu ya kazi zetu. Najua wengine wataandika mambo mazito zaidi. Mimi nitaandika juu ya matairi, hasa haya ambayo wauzaji wanayaita ya misimu yote, mvua na jua. Nina sababu. Kuna kosa nililifanya kwa tairi la namna hiyo, na sijawahi kulisema mbele ya watu.

Nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura. Anayeijua Buyenzi anajua: ni Kiswahili, ni msikiti, ni gereji. Baba mdogo alinishikisha spana nikiwa na miaka kumi na mbili. Mei 2015 tulivuka, tukafikia kambi ya Mahama, kule Kirehe karibu na mto Akagera. Nilikaa pale miaka mitatu. Kambini kulikuwa na baiskeli na matoroli, nikawa naziba hizo. Mwaka 2018 nikaja Kigali kutafuta kazi, na mtu mmoja mwenye duka la matairi ya okazioni akanichukua Gahanga. Nilimshukuru sana. Hilo mlijue kwanza.

Matairi yale yalikuja yamerundikwa, mengine yameingizwa moja ndani ya jingine kama vikombe. Mengi yalitoka Ulaya. Siku za kwanza nilikuwa naangalia ubavuni nashangaa: herufi M na S, na pembeni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Mimi theluji sijaiona maisha yangu. Nikamuuliza dereva mmoja wa lori aliyewahi kuishi Ubelgiji, akanieleza. M na S ni matope na theluji, hayo kiwanda kinajiandikia chenyewe. Mlima wenye theluji ni mtihani: tairi limejaribiwa kwenye theluji likafaulu. Tairi lenye mlima ambalo limetengenezwa pia kuvumilia joto, mwenye gari halivui mwaka mzima. Ndilo hilo la misimu yote.

Hiyo ndoto ni ya zamani. Wafini walitengeneza tairi la baridi la malori mwaka 1934. Mwaka 1977 Goodyear wakatoa Marekani tairi la kukaa mwaka mzima, wakaliita Tiempo, neno la Kihispania ambalo ni hali ya hewa na pia ni wakati. Madereva walichoka kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka. Nani asingechoka?

Sasa kwa nini yanafika Gahanga? Kwa sababu ya sheria za kwao. Austria, kwa mfano, tairi la baridi la gari dogo likibaki na meno chini ya milimita 4 halihesabiwi tena kuwa la baridi. Huku kwetu milimita 4 ni tairi zima! Watu wanaanza kulitilia shaka likikaribia milimita 1.6, pale ambapo vile vidaraja vidogo vya mpira katikati ya mifereji vinakuwa sawa na meno. Basi tairi lililostaafu huko linaanza kazi upya hapa. Sisemi kwa dharau. Mimi mwenyewe nimevaa makoti yaliyostaafu huko.

Na madereva wanasemaje? Nimewasikiliza miaka mingi, wanaongea wakiwa wamekaa kwenye rimu wakisubiri. Dereva wa gari la kukodi anayepanda njia za udongo juu huko nyuma ya uwanja wa kriketi anayapenda. Anasema yana vikato vidogo vingi, yanashika udongo mwekundu ukiwa umelowa kidogo. Lakini matope yakiwa mazito, vikato vinajaa, na tairi linakuwa duara la udongo tu, linateleza kama sabuni. Dereva wa Kigali–Nyamata analalamika: jua la Bugesera linayala upesi. Ni kweli. Mpira wa baridi ni laini, umetengenezwa ubaki laini hata chini ya nyuzi 7, na Kigali hata usiku wa baridi kali haishuki hadi huko. Madereva wa malori yanayopeleka mchanga kwenye uwanja mpya wa ndege wa Bugesera wao wanacheka tu, wanasema misimu yote ni ya magari ya wake za mabosi.

Na nyie wa mashirika, wenye Land Cruiser za meno makubwa, msicheke pamoja nao. Tairi lenu linatamba kwenye matope ya kambini, lakini kwenye lami iliyolowa, lile jino kubwa lina mpira mchache unaogusa barabara. Breki yenu inataka nafasi ndefu kuliko mnavyofikiri. Nimeshawatengenezea bampa, najua ninachosema.

Basi, kosa langu.

Ilikuwa Aprili 2023, mvua zimekolea. Alikuja mzee mmoja na Corolla, anataka matairi mawili ya mbele. Akanisikia naongea na mwenzangu, akageuka. "Wewe ni wa Buja?" Nikasema ndiyo, Buyenzi. Alifurahi kama amekuta ndugu. Kumbe na yeye amekulia Bujumbura. Wazazi wake walikimbia Rwanda kabla hajazaliwa, akazaliwa mkimbizi kwetu, akasoma kwetu, akarudi huku mwaka 1994 wakati ana familia tayari. Sasa anaishi Nyamata. Akaniambia, "Gari langu la kwanza lilitengenezwa Buyenzi. Mtu wa Buyenzi hanidanganyi kwenye gari."

Bosi akaleta matairi mawili, 195/65R15, yana mlima na theluji, yamepakwa dawa ya kung'arisha hadi unajiona. Meno yapo, milimita tano hivi. Faranga elfu 25 kila moja. Bosi akasema ni ya Ujerumani, ya misimu yote, karibu mapya.

Nikayainua kuyapeleka kwenye mashine, nikaona namba. Kila tairi lina namba zinazoanza na herufi DOT, na mwisho kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Haya yalikuwa na 0911. Wiki ya 9, mwaka 2011. Miaka kumi na miwili. Chini ya ile dawa, ndani ya mifereji, kulikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino. Nikabonyeza kwa kucha. Mpira haukubonyea. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, hata kama haujatembea, hata kama meno yamesimama. Na tairi gumu kwenye lami yenye maji ni kama kiatu cha plastiki kwenye vigae.

Bosi aliniona nimesimama. Akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Upande wenye tarehe uingie ndani." Maana mara nyingi tarehe inaandikwa upande mmoja tu. Ukiufunga kwa ndani, mwenye gari haioni mpaka alale chini ya gari.

Nikaufunga kwa ndani.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu ninalo, na si zuri. Nilikuwa na kodi ya nyumba, mke na watoto wawili. Nilijiambia mimi mkimbizi, nani atanisikiliza, nikifukuzwa nitaanzia wapi. Lakini kusema ukweli, sheria ya hapa inaturuhusu kufanya kazi, na nilikuwa na kitambulisho changu mfukoni. Hakuna aliyenishika mkono. Neno mkimbizi siku ile nililitumia kama kichaka cha kujifichia. Na yule niliyemficha tarehe alikuwa amezaliwa ndani ya neno hilohilo.

Haikupita wiki tatu. Mwanzoni mwa Mei, mwezi uleule ambao mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa nchi, huku kwetu pia mvua ilinyesha. Mzee alikuwa anateremka kuelekea Nyabarongo jioni, na binti yake wa miaka tisa. Kwenye kona maji yalikuwa yanakatiza lami. Tairi lenye mpira mzuri linayasukuma maji kupitia mifereji yake, na mpira unainama kuishika barabara. Yale hayakuinama. Gari lilienda moja kwa moja kama halina usukani, likaingia mtaroni juu ya bonde la mafunjo. Mtoto alivunjika mkono.

Alikuja siku nne baadaye kwa pikipiki, amebeba tairi moja begani mwa dereva wa pikipiki. Hakuja na polisi. Bosi hakuwepo. Akaliweka chini, upande wenye tarehe juu, akaniuliza kwa upole tu: "Gereji imenionyesha hii namba. Mwanangu, ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Alikuwa ananipa hata nafasi ya kusema hivyo, niliiona usoni kwake. Nikasema, "Nilijua, mzee."

Alikaa kwenye rimu muda mrefu. Nilitaka anitukane. Mwisho akasema, "Nilipokuwa kwenu, walikuwepo walionionea na walikuwepo walionisaidia. Nilikuweka upande mmoja bila kukuuliza." Kisha akanyanyuka, akaniomba nimwonyeshe tena jinsi namba inavyosomwa, ili awafundishe wengine Nyamata. Nikamwonyesha, mikono inatetemeka.

Siku ya pili nikamwambia bosi sitafunga tena tarehe ndani. Tulizozana. Hakunifukuza, ila kazi zikapungua, mpaka nikaelewa. Nikaondoka na jeki moja ya zamani na pampu ya mkono niliyouziwa na rafiki. Miezi ya kwanza ilikuwa ya njaa, sitaki kudanganya. Mke wangu alirudi Mahama na watoto kwa muda, walau kule kuna shule na chakula kidogo. Kuna usiku nililala kibandani nikajiita mjinga.

Sasa kibanda kipo. Nauza okazioni vilevile, maana watu wa hapa hawana hela ya mapya, na okazioni si dhambi. Ila kila tairi nimeliandika kwa chaki nyeupe: wiki, mwaka, milimita. Wateja wengine wakiona 2014 wanaondoka kwenda kununua la mwaka huohuo kwa jirani, ambako halijaandikwa. Nawaacha. Wengine wananirudia.

Basi wewe unayesoma, hasa dereva wa kambini na dereva wa shirika, chukua haya. Soma zile tarakimu nne za mwisho. Zisipoonekana kwa nje, lala chini utazame kwa ndani. Likipita miaka mitano, lichunguze kila mwaka. Likifika kumi, livue hata kama meno yanacheka. Tazama ndani ya mifereji kama kuna nyufa. Bonyeza kwa kucha. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, maana likishapata moto kipimo kinadanganya. Na alama ya mlima na theluji isikulevye. Inakuambia tairi lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Haikuambii miaka iliyopita limekaa wapi, kwenye jua la nani.

Mzee wa Nyamata anapita bado. Haingii mara zote, wakati mwingine anapiga honi tu. Mwaka jana alisimama na binti yake. Mkono umepona, ila umepinda kidogo karibu na kiwiko, na haunyooki wote. Mtoto alikuwa anasoma namba za chaki kwa sauti, tairi moja baada ya jingine, anakokotoa miaka. Alipofika kwenye moja akaniambia hili ni zee, liondoe.

Nikaliondoa.