Kiu ya Mbwa Mzee

Mbwa wa kijijini hana cheo kikubwa. Kazi yake ni kulinda boma usiku na kufuata mifugo mchana. Ujira wake ni makombo. Akizeeka, makosa yake huhesabiwa kuliko utumishi wake. Katika Sigino, mjini Babati, mzee mmoja alikuwa na mbwa wa miaka kumi aliyeanza kumaliza maji ya ndama, kuiba chakula na kukojoa palepale alipolala. Tumbo lake lilining'inia, na manyoya ya mbavuni yalipukutika. Watoto walimpiga kwa ulafi. Jirani alishauri auawe.

Bwana mifugo alipopita, mzee alimweleza habari hizo.

"Mzee wangu," alijibu, "kabla hujamhukumu, mpimie maji."

Shauri hilo lilikuwa na hekima. Mbwa anywaye zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ana kiu isiyo ya kawaida. Kwa mbwa wa kilo 15, kiasi hicho ni lita moja na nusu. Chupa yatosha kufichua jambo hilo. Kisha mkojo hupimwa sukari, maana kisukari huleta kiu, ingawa mgonjwa wake hukonda. Figo mbovu nazo huleta kiu. Hayo yasipoonekana, hushukiwa ugonjwa wa Cushing, wenye jina la Harvey Cushing, daktari wa Marekani aliyeueleza kwa wanadamu mwaka 1932. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya kotisoli kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu ya uvimbe katika tezi iliyo chini ya ubongo. Ili kuutambua, damu hutolewa, mbwa hudungwa deksamethasoni kidogo, na damu hutolewa tena baada ya saa 4 na saa 8. Kwa mbwa mzima kotisoli hushuka. Kwa mgonjwa haishuki ipasavyo.

Maabara ya kipimo hicho haipatikani kila mahali, wala dawa yake si rahisi. Lakini mzee alipima maji siku tatu, na kila siku yalizidi lita mbili. Siku ya nne fimbo iliwekwa chini, na bakuli likajazwa.

Ilikuwa haki. Mwaka 1889 mbwa aliyeondolewa kongosho aliwafunulia wataalamu asili ya kisukari. Mwaka 1921, kwa mbwa tena, insulini iligunduliwa huko Toronto. Mwanadamu aliyeponea kwa mbwa hawezi kuuita ugonjwa wa mbwa utovu wa adabu.