Ngara na Biharamulo: Kompyuta ya Gemu Inaanzia Ukutani

Nyakanazi wengi wanapita, wachache wanashuka. Ni njia panda kubwa ya wilaya ya Biharamulo. Barabara inayotoka Isaka na Kahama inafika hapo, moja inakata kwenda Kibondo na Kigoma, nyingine inaendelea hadi Lusahunga, na Lusahunga nayo inagawanyika: huku Biharamulo mjini na Bukoba, huku Ngara na mpaka wa Rusumo. Malori ya Kigali na Bujumbura yanapumzika pembeni, madereva wanakula nyama choma, na vumbi halina simile, linakaa juu ya kila kitu, chipsi zako zikiwemo.

Wenye umri wangu mnakumbuka enzi zile mabasi yakipita pori la Biharamulo kwa msafara, askari na bunduki zao wakisindikiza kwa sababu ya majambazi. Siku hizi sehemu ya mapori yale ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Unapita ukitazama dirishani bila kushika roho mkononi.

Safari hii ilitokana na swali la wachumba wawili wa Ngara mjini. Jamaa anapiga picha za video kwenye harusi na send-off, na usiku ni mtu wa gemu kwelikweli. Alitaka kujiundia kompyuta ya nguvu, ile ya kununua kifaa kimoja kimoja na kukiunganisha mwenyewe. Binti, ambaye ni muuguzi, alikuwa na hoja moja tu: fedha hizo ziliwekwa na wote wawili, na mahari haijaisha. Nani ana haki hapo? Basi nikapanda gari.

Ukikaribia Ngara nchi inainuka. Migomba imepanda vilima mpaka juu, na jioni unatafuta sweta. Pale Benaco, ambapo mwaka 1994 ilikuwepo kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda, leo ni mji mdogo wa malori, maduka ya simu na nyumba za wageni. Mbele kidogo ni Rusumo, mto Kagera unapoanguka kwa kishindo, na pembeni ya maporomoko hayo kuna mitambo ya umeme ya megawati 80 inayogawanywa kwa nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi. Umeme wetu unasafiri kwa nyaya za kilovolti 220 mpaka Nyakanazi. Zamani miji ya Ngara na Biharamulo iliishi kwa majenereta ya dizeli, na kila mwenye friji anajua maana yake.

Orodha ya jamaa ilikuwa kwenye karatasi ya daftari. Juu kabisa aliandika RTX 5090, kadi ya picha iliyotoka Januari 2025. Kadi ya picha ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye gemu, kwa hiyo kila kijana anaanzia hapo. Hii ni dude la hatari: inakula wati 575 peke yake, na watengenezaji wake, Nvidia, wanashauri pawa saplai ya wati 1,000. Bei ilitangazwa dola 1,999 kabla hujalipa nauli, ushuru na faida ya muuza duka.

"Mwenzangu," binti akauliza huku akimenya ndizi, "umeme ukikatika hilo linacheza?"

"Halichezi, mama."

"Na umeme ukirudi kwa kishindo?"

Jamaa akacheka, lakini mimi naona hapo ndipo kompyuta yote ilipobadilika. Orodha nyingi za gemu zimeandikwa na watu wasioujua umeme wa kukatika na kurudi mara tatu kabla ya chai. Ukiwa Ngara au Biharamulo, karatasi yako igeuze juu chini. Anza ukutani.

Kwanza waya wa ardhini. Kuna nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu lakini tundu la juu halikuunganishwa na chochote. Ukigusa kasha la chuma unasikia mwasho kama wa siafu. Mwite fundi umeme aupime, achimbie fimbo ya shaba kama haipo. Ni kazi ya siku moja na haina picha nzuri ya kuwaringia washikaji, lakini pasipo hiyo mengine yote ni kubahatisha.

Halafu UPS. Msomaji wangu, soma maandishi madogo. UPS iliyoandikwa VA 1,000 mara nyingi hutoa wati 600 tu. Kompyuta yenye ile 5090, prosesa na feni zake, ikiwa katikati ya gemu inaweza kufika wati 800. UPS itapiga kelele na kuzima papo hapo, na wewe ulidhani umejikinga! Chukua RTX 5070, inayokula wati 250 na iliyotangazwa kwa dola 549. Ukiijumlisha na prosesa ya wati 120 na vikorokoro vingine unafika 450 hivi. Hapo UPS ya VA 1,500 yenye wati 900 inakupa dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Si ya kuendelea kucheza, tafadhali. Tafuta pia ile inayotoa umeme wa wimbi laini kama wa Tanesco, kwa sababu pawa saplai za kisasa huwa hazielewani na UPS za wimbi la ngazi ngazi.

Tofauti ya bei za kadi hizo mbili ni dola 1,450. Binti alinyamaza kidogo, kisha akauliza hizo ni ng'ombe wangapi. Shangazi yake, aliyekuwa jikoni muda wote na tukidhani hasikii, akajibu idadi yake bila kuchungulia. Sikuona haja ya kuongeza neno.

Jamaa alijitetea, na alikuwa na hoja. Kadi hiyo hiyo inayochora gemu ndiyo inayoharakisha kutoa video ya send-off. Kazi ya usiku kucha kwenye laptopu yake ya zamani inaweza kuisha kabla chakula hakijaiva. Ni kweli. Lakini kwa video za harusi 5070 inatosha na kubaki. Hiyo kubwa ilikuwa ya gemu peke yake, na nilimwambia hivyo mbele ya mchumba wake.

Prosesa hatukubishana: Ryzen 7 9800X3D, kipenzi cha wacheza gemu tangu ilipotoka Novemba 2024. Cha kubishaniwa kilikuwa namna ya kuipoza. Yeye alitaka ile ya maji, yenye mabomba na taa. Pampu yake ikifa, Biharamulo nzima utampata nani wa kukuuzia nyingine? Kipozeo cha hewa, lile bonge la mapezi na feni, kikiharibika ni feni tu, unafunga nyingine na maisha yanaendelea. Isitoshe, baridi ya Ngara ni kipozeo cha bure. Adui ni vumbi, kwa hiyo kasha liwe na vichujio vinavyochomoka kwa mkono, uvioshe kila mwezi, na wakati wa kiangazi mara mbili.

Diski aliandika terabaiti 1. Nikasema weka 2. Gemu moja kubwa siku hizi inapita gigabaiti 100, na kwa mtu wa vifurushi vya simu kuifuta na kuipakua upya ni ufukara wa kujitakia. Mkongo wa taifa umefika mpaka mipakani, Rusumo na Kabanga, lakini kupita jirani si kuingia chumbani kwako. Bora umpelekee diski ya nje rafiki mwenye intaneti nzuri Mwanza, akunakilie.

Na ununue wapi? Kariakoo ni zaidi ya kilomita 1,200. Kigali ni 160 hivi kutoka Rusumo, na tangu daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha vizinduliwe mwaka 2016, kuvuka si mateso ya zamani. Chukua risiti, tangaza mzigo, lipa kinachotakiwa. Uliza pia dhamana mapema, maana kurudisha kifaa ni safari nyingine ya mpaka. Kadi za mitumba zijaribu kwanza kwa programu ya GPU-Z, ambayo hutambua nyingi zilizobandikwa jina la uongo. Na popote utakaponunua, usikubali kuunganishiwa dukani. Kadi nzito iliyofungwa ndani ya kasha, ikitikiswa kutwa nzima kwenye basi, inaweza kung'oa tundu lake kwenye mazabodi. Beba kila kitu kwenye boksi lake, kioo cha monita ukipakate kama mtoto, uunganishe nyumbani.

Jambo la mwisho alilisema shangazi, si mimi. Kanda hii ya Ziwa Victoria ina radi nyingi kupita kiasi, na msimu wa mvua hakuna UPS ya kuiamini. Wingu likijikusanya, chomoa kila kitu ukutani, na waya wa intaneti pia.

Nilipoondoka kesho yake karatasi ilikuwa imeandikwa upya, safari hii kwa mwandiko wa binti: UPS namba moja, kadi namba tano, na chini kabisa kiasi cha kwenda kwa wazee. Walikuwa bado wanagombania taa. Jamaa anataka bluu. Binti amesema kama ni lazima ziwepo, basi ziwe na swichi, kwa sababu yeye anatoka zamu ya usiku na anataka kulala.