Herufi 5 za ukuta wa Sake

Mjini Goma, kwenye ua wa familia iliyowapokea, mzee mmoja aliyehama Sake amekaa kwenye kiti kidogo, brashi mkononi. Mbele yake kuna vipande vya katoni.

Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya baa ukutani. Alipaka uzi chaki, akaunyoosha na kuupiga ukutani upate mstari. Kisha alichora herufi kwa penseli na kuzijaza rangi nyekundu. Mwisho aliweka kivuli cheusi, upande uleule kwa kila herufi, ili dereva wa lori asome kutoka mbali. Ni kazi ya zamani nchini: hata Chéri Samba, mchoraji anayejulikana duniani, alianza Kinshasa mwaka 1972 kwa kuandika vibao vya matangazo.

Mwanzoni mwa 2024 vita vilikaribia Sake. Familia ilikimbia na magodoro na sufuria. Makopo ya rangi yalibaki. Kilichopona ni picha moja kwenye simu ya kijana wake: ukuta wa baa ulioandikwa BIA BARIDI.

Kijana huyo alijifunza kompyuta. Aliona kwamba Ulaya na Marekani kuna watu wanaochukua maandishi ya vibao vya baa za zamani na kuyageuza kuwa herufi za kompyuta, ambazo yeyote anaweza kuandika nazo. Akataka kufanya hivyo kwa mkono wa baba yake. Lakini BIA BARIDI ina herufi 5 tu: B, I, A, R na D. Zilipungua 21.

“Papa, uniandikie zingine.”

“Za nini? Siku hizi wenye baa wanachapisha kwa mashine.”

“Ndiyo maana, Papa. Mashine iandike kama wewe.”

Mzee alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliomba katoni. Macho yamechoka, M ilimshinda mara nne. Q hakuwahi kuiandika kwenye baa yoyote. Aliibuni palepale, akaipa mkia kama mguu wa R.

Mjukuu wake wa miaka 6, ambaye hajarudi shuleni tangu wahame, sasa anasoma A hadi M kwenye katoni hizo.

Zimebaki W, X, Y na Z. Rangi nyekundu imekwisha, na pesa iliyopo ni ya unga. Mama wa nyumba amesema wangoje Jumamosi.